Mstari wa Dada Hilaria

Jumatatu, 3 Machi. Chanika, Handeni

Leo tumepewa madaftari. Dada Hilaria, mtakwimu wetu, amenipa moja, mwenzangu Matayo moja, akasema, "Dodoso lina maswali sitini na mawili. Maisha ya watu yana zaidi ya hapo. Kila ambacho hakina nafasi kwenye tableti, kiandikeni humu." Basi mimi Munira binti Mhina, ambaye nyumbani wanasema mdomo wangu hauna komeo, nimepata pa kusemea.

Kazi yenyewe ni hii. Tunazunguka Sindeni, huku kwetu Handeni, kisha Mashewa huko Korogwe, mtu mzima mmoja kila nyumba. Kwanza tunampima kumbukumbu na umakini: maneno kumi ayarudie, namba azitaje kinyumenyume, wanyama awataje wengi awezavyo kwa dakika moja. Halafu tunamwuliza habari za moyo wake kwa wiki mbili zilizopita. Amekosa raha? Usingizi? Hamu ya kula? Majibu yote dada Hilaria anayaingiza kwenye kompyuta na kutengeneza anachokiita modeli, yaani hesabu ya kutafuta kama sonona, ule ugonjwa wa huzuni, na uwezo wa kukumbuka vinatembea pamoja, na kama vinatembea, ni kwa kiasi gani.

Nilimwuliza kwa nini ahangaike na jambo hilo. Akanijibu, "Kwa sababu watu wameshalisema bila hesabu." Kisha akarudi kwenye kompyuta yake kama vile nimeshaondoka. Ana jeuri huyu dada.

Funga ya pili leo. Mawingu tu, mvua bado.

Jumanne, 4 Machi

Tumeapishwa. Maswali yasomwe kama yalivyoandikwa, bila kuongeza wala kupunguza neno. Jina la mtu lisitajwe popote. Kila nyumba inapewa namba, tunaiandika kwa chaki juu ya mlango, na kuanzia hapo mtu ni namba. "Siri ya mtu ikitoka kinywani mwako, kazi yetu imekwisha," dada Hilaria alisema, akinitazama mimi. Kwa Matayo hakugeuka hata kidogo. Nilikasirika mpaka magharibi.

Alhamisi, 6 Machi. Sindeni

Mvua ya kwanza ilipiga jana, na leo kijiji kizima kimehamia shambani kupanda mahindi. Asubuhi tulikuta kuku tu na milango iliyofungwa kwa kamba. Tukakubaliana tuhoji kuanzia saa nane mchana, watu wakirudi.

Bibi mmoja, hapa namwita Chausiku maana jina lake nimeapa kutolitaja, alikuwa amejinyoosha kwenye mkeka. Nikampa shikamoo, tukaulizana hali mpaka za mbuzi wake. Nikamwambia ataje wanyama. Akaanza vizuri: mbuzi, kondoo, ng'ombe, nyani, ngedere, nguchiro. Halafu akasita. "Yupo mwingine, lakini simtaji mimi na funga yangu. Andika 'yule'."

"Bibi, siwezi kuandika 'yule'."

"Basi dakika yako na iende."

Na kweli akanyamaza, ananiangalia, mpaka dakika ikaisha. Katika maneno kumi alikumbuka manne. Hamu ya kula? "Sina." Usingizi? "Kidogo mno." Uchovu? "Kila siku." Nikabonyeza kama alivyosema, nikamwonea huruma moyoni. Bibi wa watu amekwisha.

Jumamosi, 8 Machi

Nyumba zinachaguliwa kwa kura, na kura imeiangukia ya dada yangu Tatu. Namba yake niliiandika mwenyewe kwa chaki, kisha nikampisha Matayo, kwa sababu ndugu hahoji ndugu. Nikakaa nje kwenye kinu kilicholazwa, nikisubiri.

Tatu ni mhudumu wa afya wa kijiji, mwaka wa tisa huu. Ana mkoba wa bluu wenye mizani ya kupimia watoto, vipimo vya malaria, dawa na rejista. Vuli iliyopita alijifungua mtoto wa kike, akaishi siku kumi na moja. Tangu hapo dada yangu si yule. Anaweza kusimama na ufagio uani mpaka umwite mara tatu. Mchuzi ataweka chumvi mara mbili, kesho asiweke kabisa. Lakini asubuhi anachukua mkoba wake anakwenda kupima watoto wa wenzake. Mama anasema kinachomwamsha Tatu ni ule mkoba, siyo jogoo.

Matayo alitoka baada ya dakika arobaini.

"Vipi?" nikamwuliza.

"Vipi nini?"

"Amekumbuka maneno mangapi?"

"Munira, mvua hiyo inakuja. Twende zetu."

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Nyumba nne tu. Nimeanguka kwenye tope mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, akaniambia pole bila kucheka. Angecheka ningeona afadhali.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua.

Alhamisi, 20 Machi. Chanika

Nyumba mia moja na sitini za Sindeni zimeingia zote. Dada Hilaria alituita kwenye kompyuta tuone. Palikuwa na nukta, kila nukta mtu mmoja na namba yake pembeni. Kadiri unavyokwenda kulia, sonona inazidi. Kadiri unavyopanda juu, kumbukumbu inazidi. Nukta zote zilikuwa zinateremka kutoka juu kushoto mpaka chini kulia, na katikati yake umepita mstari. Huzuni ikipanda, kumbukumbu inashuka. Hata mimi niliyefeli hesabu kidato cha nne niliuona.

"Umenyooka!" nikasema.

"Umenyooka mno," akasema yeye. "Watu hawanyooki hivi."

Hayo maneno ya pili niliyasikia, sikuyatilia maanani. Nilikuwa na njaa. Yeye na Matayo wako kwenye Kwaresima, hawali mpaka jioni, mimi niko kwenye mfungo. Chumba kizima tumbo tupu, tunatazama nukta.

Ijumaa, 21 Machi. Sindeni

Nimefuturu nyumbani kwa Tatu. Muhogo wa nazi, uji wa pilipili manga, tende. Alikuwepo shemeji Sufiani, mdogo wa mume wake, ambaye yumo kwenye kamati ya afya ya kijiji. Akanitania, "Mtafiti wetu, mnatupima akili, mmepata nini? Au mnatuchosha tu?"

Angenyamaza ningekula zangu. Nikamwambia, "Tumegundua jambo, shemeji. Mtu huzuni ikimzidi, akili inapungua."

"Nani kasema?"

"Kompyuta imechora. Mstari umenyooka kabisa."

Sufiani aliacha kutafuna. Nami nikajisikia mtu mkubwa, nikaongeza na sonona, nikaongeza na modeli. Kugeuka, Tatu yuko mlangoni na jagi la maji ya kunawa. Akatunawisha mmoja mmoja, mimi wa mwisho.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Nimeshindwa kula daku. Yale maji ya kunawa hayanitoki akilini.

Jumatatu, 31 Machi. Idi

Baada ya swala Sufiani alikuja kumpa mama mkono wa Idi, akakaa, akazungukazunguka, mwisho akalitoa. Kamati itakaa Jumamosi ya kwanza ya Mei kuzungumzia mkoba wa Tatu. Wapo wanaotaka aurudishe.

"Si kwa ubaya, mama," akasema. "Anatoa dawa kwa watoto wetu. Akikosea kipimo tutamlaumu nani? Na watafiti wenyewe wamesema. Munira si huyu hapa?"

Mama alinigeukia akanigombeza kwa Kizigua, lugha yake ya kugombezea, mpaka wageni wakaanza kutafuta viatu vyao. Mdomo huponza kichwa, wanasema. Wangu umeponza kichwa cha dada yangu.

Tatu alinifuata nyuma ya nyumba nikiwa nalia. "Mdogo wangu," akasema, "ni kweli mmeona hivyo?" Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Jumatano, 2 Aprili. Chanika

Nimemweleza dada Hilaria kila kitu. Nilitegemea anifukuze. Aliweka kalamu chini, mvua inapiga bati.

"Siri ya mtu umetoa?"

"Hapana. Nilisema ule mstari tu."

"Ule mstari ulikuwa na shaka zangu, Munira. Wewe umewapelekea mstari, shaka umeniachia hapa mezani." Kisha akauliza, "Kikao ni lini?" Akaandika tarehe kwenye karatasi, akaibandika ukutani juu ya kompyuta. Basi. Afadhali angenipiga.

Jumatatu, 7 Aprili. Mashewa

Kutoka Korogwe mpaka huku gari lilikwama mara mbili. Tumesukuma wote, na dada Hilaria naye, gauni limefungwa kiunoni. Anajua kusukuma. Kumbe amekulia kambi ya mkonge hapahapa Korogwe, babu yake alikuja kukata mkonge akabaki. Hakuniambia yeye, ameniambia Matayo ambaye wazazi wao walikuwa majirani.

Alhamisi, 10 Aprili

Mashewa watu wanaongea sana asubuhi. Tumepewa chai kila nyumba. Tumbo langu ni pipa.

Jumatatu, 14 Aprili

Nukta za kwanza za Mashewa zimeingia, na mstari haupo. Zimetawanyika kama mahindi yaliyomwagika. Dada Hilaria macho mekundu, ametuweka mimi na Matayo mbele yake.

"Sindeni mlifanya nini ambacho hapa hamkufanya?"

Nikaja juu. "Unasema tulijaza majibu wenyewe? Mvua ile, matope yale, leo sisi waongo?"

"Sijasema hivyo, nauliza. Kama kuna kosa, nataka nilijue kabla watu wengine hawajasoma, siyo baada."

"Wewe unapenda mstari wako ukae vizuri, basi!"

Nikatoka nikaubamiza mlango. Mjeuri. Mjeuri. Mjeuri.

Jumatano, 16 Aprili. Sindeni

Dada Hilaria ameturudisha Sindeni turudie nyumba ishirini, aone kama majibu yatafanana. Nikaenda kwa bibi yule ninayemwita Chausiku. Ilikuwa saa tatu asubuhi, anakula kiporo cha ugali na chai.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umerudi na dakika yako?"

Akawataja wanyama kumi na tisa bila kupumua, wa mwisho nguruwe. "Leo namtaja," akasema, "Mungu anisamehe." Maneno kumi akakumbuka manane. Hamu ya kula? Akanionyesha sahani. Usingizi? "Nalala fofofo." Nikashindwa kujizuia, nikaliacha dodoso pembeni.

"Bibi, mwezi ule uliniambia huna hamu ya kula, hulali, umechoka kila siku."

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwanangu wee! Ulinijia Mwezi Mtukufu, saa tisa mchana, nimetoka kupanda, nimeamka saa kumi kula daku. Unaniuliza hamu ya kula! Nikuambie ninayo, funga yangu niipeleke wapi? Nikakwambia sina. Nawe midomo imekupauka kama mimi. Nikasema, hivi mtoto huyu ananiuliza ili iweje?"

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unasoma kwenye kioo. Nikajua kioo kina sababu zake."

Nilikaa pale kwenye mkeka wa bibi nikataka nicheke, nikashindwa. Wiki mbili nzima nimewauliza watu waliofunga kama wamekosa hamu ya kula. Nimewauliza walioamka daku kama wamekosa usingizi. Halafu nikawapima akili saa kumi jioni, tumbo tupu. Na mimi mwenyewe nimefunga! Dodoso lilisema nisome kama lilivyoandikwa, nikasoma.

Alhamisi, 17 Aprili. Chanika

Nimemweleza. Dada Hilaria alisimama, akakaa, akasimama tena, akapiga makofi mara moja kama mtu aliyeona nyoka. Kisha akacheka. "Na mimi kwenye Kwaresima! Njaa ilikuwa chumbani humuhumu, sote hatukuiona!"

Matayo hakuelewa bado, dada akamwelewesha. "Mvua ikinyesha, watu wanafungua miavuli, na vyura wanalia. Wewe hesabu miavuli na hesabu vyura tu, mvua usiiandike. Utasema miavuli inaliza vyura. Funga ndiyo mvua yetu. Imepandisha alama za sonona, imeshusha kumbukumbu, sisi tumehesabu miavuli na vyura."

Halafu akanigeukia. "Saa za mahojiano ninazo kwenye tableti. Lakini nani alikuwa amefunga na nani hakufunga, dodoso halikuuliza. Umeandika popote?"

Nimeandika, ndiyo, kila bibi na kila mdomo mkavu, kwa namba za nyumba kurasa za nyuma, maana nilikuwa nawahesabu wenzangu wanaoteseka na kiu. Lakini kwenye daftari hilohilo nimemwandika na yeye. Nitalitoa. Naandika hapa mstari huu wa mwisho, kisha namkabidhi. Dada, ukifika ukurasa wa tarehe kumi na nne, unisamehe.

Jumanne, 22 Aprili

Daftari limerudi. Kwenye ukurasa wa tarehe kumi na nne, kwa penseli, mwandiko mdogo: "Mara moja ingetosha. H." Nimecheka peke yangu kama mwendawazimu.

Leo nimemsikia kwenye simu akiongea na wakubwa wake wa chuo. Amewaambia ule mchoro wa kwanza usitumike popote. Akawaambia kosa ni lake, alipanga ratiba bila kutazama kalenda ya watu anaowauliza. Upande wa pili walikuwa wanabembeleza, nilisikia, mstari ulikuwa mzuri, wangeweza kusahihisha kidogo kwa hesabu na kusonga mbele. Akasema, "Nitasahihisha kwa hesabu na nitawarudia watu pia. Nyumba zote." Hakuna aliyemlazimisha. Mimi nikivunja sahani huwa naificha chini ya kabati. Huyu ameinyanyua juu watu waone.

Ijumaa, 25 Aprili. Sindeni

Tunarudia zote mia moja na sitini, asubuhi, baada ya watu kupata kifungua kinywa. Palizi imeanza, kwa hiyo tunawahi kabla hawajatoka. Dada Hilaria amechukua tableti naye anahoji. Nilimkuta kwa mama mmoja anamenya naye muhogo huku anauliza maswali. Nilisema ana jeuri. Niliandika mara nne jumla. Nafuta zote.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Matayo amerudia nyumba ya Tatu.

Jumatano, 30 Aprili

Nimemfuata dada Hilaria peke yake. Nikamwambia kikao ni Jumamosi hii, Tatu amerudia kipimo, namba yake anayo, aangalie tu. Kama amefanya vizuri, aje awaambie kamati, dada yangu abaki na mkoba wake.

"Na kama amefanya vibaya, nije niwaambie pia?"

Nikashika kuchezea ncha ya mtandio wangu.

"Sitaangalia," akasema. "Nitakuja, lakini hilo usiniombe tena."

Nilimchukia kwa robo saa nzima. Baadaye nikakumbuka futari ile, na nani alitoa nini kinywani. Usiku sikulala vizuri.

Jumamosi, 3 Mei. Sindeni

Mvua ilinyesha usiku kucha, ikakata barabara kwenye bonde. Saa nne kamati imeshakaa kwenye darasa la shule, mwenyekiti Mzee Awadhi mbele, Sufiani pembeni yake, watu kama thelathini. Tatu alikaa dawati la mwisho, mkoba wa bluu magotini, ameukumbatia kwa mikono miwili. Mama pembeni yake. Mimi naangalia njia. Hilaria hayupo.

Mzee Awadhi alishaanza kufungua kikao, ndipo dada Hilaria akatokea mlangoni, viatu mkononi, tope mpaka magotini. Ameacha gari ng'ambo ya bonde, akatembea. Akawaamkia wazee wote, akaomba maji ya kunawa miguu kwanza. Wazee walilipenda hilo.

"Habari mliyoipata," akaanza, "ya kwamba huzuni inapunguza akili, ilitoka mezani kwangu. Ilikuwa na kosa. Kosa ni langu."

Sikuweza kuvumilia. Nikasimama. "Dada Hilaria hakuitoa. Alisema ana shaka, mimi nikaibeba nikaileta futarini kwa shemeji Sufiani ili nionekane. Mnayemtafuta ni mimi."

Sufiani aliangalia meza. Dada Hilaria akawaeleza habari ya funga, na alipofika kwa bibi na hamu yake ya kula, darasa zima likacheka, wazee wakapiga meza. "Mlitupima na daku zetu!" mmoja akasema. Dada akawaambia tumerudia, na hesabu mpya bado anaifanya. Lakini Mzee Awadhi si mtu wa kupotezwa kwa kicheko.

"Sawa, mwanangu. Huyu Tatu mmempima. Tuambie tu, akili zake zipo sawa?"

Mama alishika mkono wangu.

"Mzee, majibu ya mtu ni siri yake, sikuyatazama na sitayasema. Na hata ningeyasema yasingekusaidia. Hesabu yangu ni ya watu mia nne. Redio ikisema masika haya mvua ni nyingi Handeni, mzee, umejua kama shambani kwako imenyesha?"

"Mpaka niende nikaangalie."

"Basi. Shamba la Tatu ni kazi yake, na rejista anayo hapo. Nendeni mkaangalie."

Watu wote wakageuka nyuma. Tatu alisimama taratibu. Nilikuwa sijasikia sauti yake mbele ya watu tangu Vuli.

"Nasahau, ni kweli," akasema. "Chumvi nasahau. Siku nasahau. Jana nimekwenda kisimani bila ndoo." Watu wengine wakatabasamu, yeye hakutabasamu. "Kwa kuwa najua nasahau, la mtoto naliandika hapohapo, kabla sijanyanyuka kwenye mkeka wa mama yake. Dawa nasoma mara mbili kwa sauti, na mama wa mtoto naye anairudia. Zamani nilikuwa sifanyi hivyo. Nilikuwa najiamini." Akatembea mpaka mbele, akaweka rejista mezani kwa Mzee Awadhi. "Mimi wangu ameondoka. Sitaki wa mwingine aondoke kwa ajili yangu."

Mzee Awadhi alivaa miwani. Akafungua Novemba, Desemba, Januari. Akampa Sufiani. Sufiani alisoma ukurasa mmoja kwa muda mrefu mno, nikajua ni upi, maana mtoto wake aliumwa malaria Februari. Akasema kwa sauti ndogo, "Ameandika mpaka saa niliyomwita. Na kwamba alirudi mara mbili."

Hawakumnyang'anya. Wameamua kwamba mke wa Sufiani, Faudhia, atembee naye mpaka Vuli, awe anasoma dozi pamoja naye, na kwamba Tatu aende Handeni mjini kumwona daktari wa sonona. Dada Hilaria ameshampa jina la daktari huyo. Tatu amekubali yote mawili. Akitoka, alinipangusa uso kwa ncha ya khanga yake kwa sababu nilikuwa nimelia mpaka kamasi.

Dada Hilaria alikuwa ameshaondoka kuvuka bonde kabla maji hayajapanda tena. Nimeona nyayo zake tu kwenye tope, peku.

Jumapili, 11 Mei

Jua leo. Tatu amepika mchuzi. Chumvi imezidi kidogo. Tumekula wote, hakuna aliyesema.

Alhamisi, 29 Mei. Chanika

Mvua zimekwisha, barabara zimeanza vumbi, na kazi yetu imeisha. Dada Hilaria ametuita kwenye kompyuta kwa mara ya mwisho. Watu mia nne, nukta mia nne, zimetawanyika kila upande. Mstari upo, lakini unateremka kidogo sana, lazima uinamishe kichwa ndipo uone. "Kuna uhusiano, ila mdogo," akasema. "Huzuni inamlemea mtu umakini kidogo. Lakini tazameni zilivyo mbali na mstari. Anayetaka kumjua mtu mmoja kwa mstari huu, atakosea karibu kila siku." Alisema hivyo kwa furaha, kama mtu anayeonyesha mazao yake. Hesabu imempa jibu dogo kuliko lile la kwanza, na analipenda zaidi. Sijawahi kuona mtu mwenye elimu anayefurahi kiasi hicho kwa kupunguziwa.

Kisha akaweka kidole kulia kabisa, juu kabisa, kwenye nukta moja iliyokaa peke yake. "Huyu ndiye ninayempenda. Ana sonona nyingi kuliko karibu wote, na kumbukumbu yake inawashinda wote mia nne. Modeli yangu haimwezi." Akacheka. "Huyu hata simjui, lakini ningependa kumpa shikamoo."

Namba ilikuwa pembeni ya nukta. Niliisoma mara moja. Niliiandika kwa chaki mwenyewe, mvua ikaifuta nusu, nikaiandika tena.

Matayo naye aliiona. Akatazama dirishani.

"Munira," dada Hilaria akasema, "leo huna la kusema?"

"Sina, dada."

Jioni nimefika Sindeni. Tatu alikuwa uani anafuta mizani yake kwa kitambaa, Faudhia anamsomea orodha ya watoto wa kesho. Nikamwamkia. Nikakaa karibu yake nikamtazama, nikashindwa kuficha uso.

"Unachekelea nini?" akaniuliza.

"Hakuna," nikamwambia, nikachukua mkoba wake nikauingiza ndani.

Namba yenyewe siiandiki hata humu.